Kilwa Kisiwani: jinsi ya kuzunguka magofu usije ukarudi unasema "nimeona mawe tu"

Watu wanaoenda Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha magofu ya mji wa kale pwani ya kusini ya Tanzania, wanarudigi na stori za aina mbili. Kuna anayerudi macho yanawaka anataka kukusimulia mji mzima, na kuna anayekwambia aisee jua kali, nimeona mawe tu na mibuyu. Na wote wamevuka maji yaleyale wakaonyeshwa kuta zilezile. Mi naona tofauti iko kwenye maandalizi na mpangilio wa kuzunguka, maana usipojua unaangalia nini utapita msikiti wa zaidi ya miaka 800 kama unapita banda lililobomoka. Sasa hapa nakupa utaratibu.

Anza kwa kusoma kidogo kabla hujapanda basi, nusu saa inatosha. Cha kujua ni kwamba hapa palikuwa na mji wa biashara wenye hela kwelikweli. Dhahabu ya bara, kule upande wa Zimbabwe ya leo, ilikuwa inashukia Sofala ambako sasa ni Msumbiji, na Kilwa ndo ilikuwa imeishika hiyo Sofala. Pembe za ndovu zinatoka, vitambaa vya India na bakuli za China vinaingia, ushuru unabaki kisiwani. Walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe, vijisarafu vidogo vya shaba vina jina la sultani, na maneno ya upande mmoja yanaendana kwa vina na ya upande wa pili, yaani hela yenye shairi. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na zilifikaje huko watu wanabishana mpaka leo.

Halafu kuna hadithi yenyewe ya mwanzo wa mji. Inasemekana Ali bin Hassan alikuja kutoka Shirazi, Uajemi, akakikuta kisiwa kina mwenyewe, mtawala wa bara, akakinunua kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Yule mtawala baadaye akajuta akataka kurudi kukichukua, ila wageni walikuwa wameshachimba ule mkondo ambao zamani maji yakitoka watu wanavuka kwa miguu. Wachimbaji wa mambo ya kale wanakwambia watu wa pwani hii walikuwa wanaishi hapo kuanzia karne ya 9 hivi, kabla ya hao Washirazi wa kwenye hadithi, kwa hiyo ichukue kama ilivyo. Lakini iulize ukifika kijijini, kuisikia kwa mwenyeji ni kitu kingine.

Na soma walichosema wageni wa zamani, maana wewe sio wa kwanza kushangaa pale. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita mwaka 1331, akaandika kwamba Kilwa ni katika miji mizuri sana na iliyojengwa vizuri, ila cha ajabu anasema nyumba ni za mbao na zimeezekwa majani. Sasa we utakuwa umesimama katikati ya mawe matupu unajiuliza huyu mzee aliangalia upande gani. Jibu mojawapo ni kwamba watu wengi waliishi kwenye nyumba za miti na udongo ambazo hazikubaki, na ukitembea fikiria mji mpana zaidi ya hizo kuta. Huyohuyo anamsimulia sultani, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeombwa na fakiri wa Yemen nguo alizovaa, palepale akitoka swala ya Ijumaa, akaingia ndani akabadilisha akampa. Stori nzuri, ila inaendelea kwamba fakiri akaongezewa watumwa na pembe za ndovu. Usiiruke hiyo sehemu, huo utajiri ulikuwa na watu ndani yake.

Haya, safari. Kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, barabara ya lami, mabasi ya kusini unayapata upande wa Mbagala. Angalia tiketi vizuri, kama basi ni la Lindi au Mtwara litakuacha njiapanda ya Nangurukuru na hapo utatafuta gari nyingine ya kuingia Masoko, sio shida ila usishangae. Usichanganye Masoko na Kivinje pia, ni miji miwili tofauti na boti ya Kisiwani ni ya Masoko. Kipindi cha masika uliza kwanza hali ya barabara, Mei 2024 mafuriko na kimbunga Hidaya yalikata barabara pale Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kukavu, ila upepo wa kusi unavuma na bahari inachafuka, hasa mchana.

Lala Masoko, gesti zipo za bei zote. Siku unayofika usivuke, nenda kamalize kibali maana huwezi kutua kisiwani ukaanza kuzunguka tu. Magofu sasa hivi yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, unalipia kiingilio na unapata muongozaji. Bei ya raia na ya mgeni ni tofauti sana kwa hiyo beba kitambulisho chako cha NIDA, na dai risiti. Kuhusu muongozaji, watu wengine wanaona ni kupoteza hela. Hapana bwana, hapo ndo penye hela yako, ila mwambie mapema kwamba hutaki kukimbizwa, unataka kukaa.

Jambo ambalo watu wanalipuuza ni maji. Muulize nahodha kesho maji yanajaa saa ngapi, yanatoka saa ngapi, na kama ni bamvua (yanajaa na kutoka sana) au maji mafu (yanajaa na kutoka kidogo), halafu panga siku kufuata hayo na sio kufuata saa yako ya kunywa chai. Kuvuka kwenyewe ni kufupi, kwa injini ni dakika chache tu na kwa tanga inategemea upepo. Ondoka saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi. Beba maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, kofia, na viatu vya kufunga maana matumbawe yanakata. Nguo za heshima pia, kisiwani kuna kijiji cha Waislamu wanaoishi maisha yao ya kila siku, hakuna anayepaswa kukuzoea wewe na kaptula yako.

Sasa mpangilio. Ukitua unaona Gereza, ile ngome pale ufukweni, na kila mtu anakimbilia kupiga selfi hapo, kisha anaelekea Msikiti Mkuu, halafu jua likishapanda anaambiwa bado Husuni Kubwa kule mbali na anasema basi tu inatosha. Hapo kakosa nusu ya Kilwa. We geuza, mwambie muongozaji mnaanza na Husuni Kubwa wakati bado kuna ubaridi, na kama maji yamejaa muulizeni nahodha kama anaweza kuwashusha upande ule.

Husuni Kubwa ni jumba la yuleyule sultani aliyetoa nguo, la mwanzoni mwa karne ya 14, liko juu kwenye ukingo wa mwamba linaangalia bahari. Vyumba zaidi ya 100. Kuna uwanja wa ngazi za kukalia ambapo watu walikuwa wanakutana na mfalme, kuna ua mkubwa wa upande wa bara unaodhaniwa ulikuwa wa bidhaa, na kuna bwawa la kuogelea la pembe 8, yaani jengo la miaka 700 lina bwawa. Wengi wanafika kwenye bwawa wanacheka kwanza. Kaa hapo, usipige picha ukaondoka, ukae uangalie vidaka kwenye kuta ambamo taa zilikuwa zinawekwa, upige hesabu usiku ule mji ulikuwa unaonekanaje kutoka kwenye jahazi linaloingia.

Kutoka hapo mnarudi kwa miguu mpaka Msikiti Mkuu, na hapa ndo pa kutumia muda wako mwingi. Una sehemu mbili. Ile ndogo ya kaskazini ndo ya zamani, ya karne ya 11 au 12, ilikuwa na paa bapa. Ile kubwa ya kusini iliongezwa na al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14 ikawa na kuba na matao, ikabomoka, ikajengwa upya karne ya 15, na nguzo unazoziona leo zimepangana ni za hiyo mara ya pili. Muombe muongozaji akusimamishe kwenye mpaka wa zile sehemu mbili, uangalie kulia na kushoto, utaona mji ulivyotajirika kwa macho yako bila kusoma kibao.

Kisha sogelea ukuta. Sio kuegemea wala kupanda, sogelea tu. Utaona mawe ya matumbawe yamelazwa kwenye chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni. Pale penye nakshi, kwenye kibla na mizingo ya milango, jiwe ni laini zaidi na lina vitundu vidogovidogo vya mpangilio, hilo lilikatwa likiwa bichi kutoka baharini, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Ukienda kwenye nyumba utagundua vyumba ni virefu ila vyembamba, vyote. Sababu ni boriti za mikoko, zinabeba paa zito la chokaa kwa urefu wa mita 2 na nusu au 3 hivi, kwa hiyo mti ndo ulikuwa unaamua upana wa chumba, hata cha tajiri. Ukishalijua hili kila ukuta unaokutana nao unauelewa.

Jirani kuna msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, huo umesimama vizuri kuliko majengo mengi pale. Ingia uinue kichwa, juu kwenye dari kuna matundu ya mviringo ambamo bakuli za kauri zilikuwa zimepachikwa kama pambo. Vigae vya hizo kauri utavikuta hata chini njiani, vya bluu na kijani. Usiokote! Hata kimoja. Ni kosa kisheria, na zaidi ya sheria, kila anayebeba kimoja anamwachia anayekuja nyuma yake udongo mtupu.

Makutani na Gereza malizia nazo wakati wa kurudi. Makutani ni ikulu ya baadaye yenye ukuta mkubwa, masultani wa karne ya 18 walikaa hapo, na mwaka 1776 sultani wa Kilwa alisaini mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Gereza lilianza kama ngome ya Wareno. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na meli zake wakauvamia mji na kuupora, wakajenga ngome, mwaka 1512 wakaondoka. Unachokiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa miaka ya 1800 mwanzoni, na bahari imeshakula upande mmoja.

Kijijini salimia vizuri, shikamoo kwa wazee, na piga picha za watu ukishaomba. Uliza kama kuna mama anayeweza kuwapikia, mnaagiza asubuhi mkifika mnakuta wali wa nazi na samaki au pweza, hela inabaki kisiwani. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani.

Ukiwa na siku ya pili nenda Songo Mnara, kisiwa cha kusini zaidi, kiliorodheshwa pamoja na Kisiwani kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, vikaingia orodha ya hatarini 2004 vikatolewa 2014. Kule nyumba za watu zimebaki kuliko Kisiwani, unaingia mlangoni, unapita ukumbi, unafika chumba cha ndani, na unaweza kuzunguka asubuhi nzima usimwone mgeni mwingine. Ila ni mbali, boti ya injini lazima, bei patana na nahodha jioni ya jana yake mkiwa Masoko na sio asubuhi mkishapanda, na hesabu ya maji ni kali zaidi, yakitoka mnashuka mbali mnatembea kwenye matope ya mikoko mpaka magotini. Vaa kitu unachoweza kukunja, simu weka kwenye mfuko wa nailoni.