Dar kwenda Mwanza au KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro): piga hesabu ya muda wa kuruka mwenyewe

Muda ulioandikwa kwenye tiketi huhesabiwa ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama, si wa hewani tu. Ukitaka makadirio, chukua umbali wa mstari mnyoofu kwa kilomita, gawanya kwa 800 kama ni jeti, au kwa 550 kama ni ya pangaboi (ya propela), upate saa, kisha ongeza dakika 20 hadi 25 za kupaa, kushuka na kutembea ardhini.

Dar–Mwanza ni kama kilomita 850: jeti saa 1 na nusu, pangaboi karibu saa 2. Dar–KIA ni kama 450, kwa hiyo jeti saa 1 tu. Usitumie kilomita za barabarani. Mwanza kwa basi ni zaidi ya 1,100, hesabu itakudanganya. Zanzibar ni 73 tu, dakika 25 hadi 30 hivi, na huko aina ya ndege haileti tofauti kubwa.

Linaloachisha watu ndege ni saa: 07:00 kwenye tiketi ni saa moja asubuhi, 13:00 ndiyo saa saba mchana. Pia foleni ya Barabara ya Nyerere, ya kwenda uwanja wa ndege wa Dar, jioni yaweza kuzidi safari yenyewe ya KIA.