Kupima dozi ya klorini ya maji ya kisima kwa ndoo nne

Visima vingi vya Kisauni na Likoni, Mombasa, vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na vyoo vya shimo haviko mbali. Mwamba huo una matundu, uchafu hupenya kwa urahisi. Kwa hivyo dozi ya jirani isikutoshe. Pima kisima chako.

1. Koroga gramu 15 za klorini ya unga (HTH ya asilimia 65–70) katika lita 1 ya maji. Acha itulie, tumia ya juu iliyo safi. Unga ulioganda kwa unyevu usiuamini.

2. Jaza ndoo nne za plastiki, lita 20 kila moja. Kwa bomba la sindano tia dawa uliyokoroga: mililita 2 ndoo ya kwanza, kisha 4, 6 na 8. Koroga, funika, ngoja dakika 30.

3. Pima kwa tembe za DPD, zinazogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, na kipimo cha kulinganisha rangi. Vile vikaratasi vya kuchovya viwachie wenye mabwawa ya kuogelea.

Hapa ndipo watu hukwama. Tembe ya DPD 1 husoma klorini huru, ile ambayo haijashikwa na kitu; ukiongeza DPD 3 kwenye maji yaleyale, unapata jumla, yaani huru pamoja na iliyoshikwa. Kisima kilichoingiliwa na choo kina amonia, nayo hushika klorini ikawa kloramini, dawa dhaifu. Soma DPD 1 ndani ya dakika moja: rangi ya waridi ikizidi kukolea, hiyo ni kloramini inajipenyeza. Usishangae ndoo ya pili ikionyesha jumla ndogo kuliko ya kwanza. Klorini inaimaliza amonia, kazi inayohitaji takriban miligramu 8 hadi 10 kwa kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia. Endelea na mililita 10, 12, hadi klorini huru ipande, na usome tena baada ya saa moja. Maji yakinuka klorini lakini tembe haitoi rangi, huenda klorini imezidi na kuifuta. Yazimue kwa maji yasiyo na klorini, upime upya.

4. Chagua ndoo yenye klorini huru karibu miligramu 0.5 kwa lita. Ikiwa ni ya mililita 6, tangi la lita 5,000 litachukua lita 1.5. Tia tangini, si kisimani: kisimani maji hubadilika kila saa, na dawa huenda nayo.

Chumvi haitoki kwa klorini.