Kuogelea ughaibuni: bwawani, ziwani na kwenye maji ya baridi

Kati ya mtu asiyejua kuogelea kabisa na yule aliyekulia kwenye maji ya vuguvugu, wa pili ndiye anayehitaji kuonywa zaidi akifika nchi za baridi. Wa kwanza ataogopa, na hofu itamweka upande wa kina kifupi. Wa pili ataona ziwa linametameta juani, atavua shati na kuruka. Basi tuanze na asiyejua, kisha tumrudie huyu jasiri.

Pumzi kwanza, mikono baadaye

Anzia bwawani, maji yakufike kifuani. Mabwawa ya ndani mengi huwa na maji ya nyuzi 26 hadi 28, na joto hilo linatosha kujifunza bila kutetemeka. Marekani vipimo ni vingine: nyuzi 27 zetu ni kama 80 zao, na kina huandikwa kwa futi. Futi 3 ni sentimita 90 hivi, futi 5 ni mita 1.5, futi 8 ni karibu mita 2.4. Zunguka ukingoni usome namba hizo kabla hujaingia, kwa sababu kuna mabwawa ambayo sakafu yake inashuka ghafla.

Kinachowachosha wengi wanaoanza ukubwani ni kubana pumzi. Mtu anaingiza uso majini amefumba mdomo, anainua kichwa, anataka kutoa na kuvuta hewa kwa mpigo mmoja, na akifika mita ya kumi anahema kama aliyekimbizwa. Hewa hutolewa chini ya maji. Ukiwa juu unavuta tu. Shika ukingo, zamisha uso, toa mapovu kwa sekunde 3 au 4, geuka au inuka, vuta kwa mdomo, rudi chini. Fanya mara 20 mfululizo. Ukijikuta unahema kabla ya kumaliza, bado unabakiza hewa nyingi kifuani, ongeza mapovu.

Baada ya hapo, elea. Lala chali, masikio yawe ndani ya maji, macho yatazame dari, tumbo lije juu, mikono uipanue. Ukiinua kichwa kuangalia vidole vya miguu, nyonga zinazama papo hapo. Miguu ikishuka yenyewe iache ishuke, na kwa watu wembamba wenye misuli itashuka kweli. Boya lako ni mapafu, na uso utabaki juu ukivuta pumzi ndefu huku ukipunga viganja polepole pembeni. Ule usemi kwamba Mwafrika haelei kwa sababu ya uzito wa mifupa umewanyima watu wengi mafunzo bure.

Jambo ambalo walimu wengine husahau kulifundisha ni namna ya kusimama kutoka kwenye kuelea, na hapo ndipo watu wazima hutapatapa kwenye maji ya kiunoni. Ukiwa chali, leta kidevu kifuani, kunja magoti, sukuma maji mbele kwa mikono, kisha shusha nyayo. Ukiwa kifudifudi, kunja magoti, kandamiza maji kwenda chini kwa viganja, ndipo uinue kichwa.

Mengine yanafuata haraka. Jisukume ukutani mikono ikiwa mbele, macho yakitazama sakafu, uteleze mita 4 au 5 bila kupiga teke. Kisha ongeza miguu, ukitikisa kutoka nyongani badala ya magotini. Mikono iwe ya mwisho. Ukivuta hewa kwa mtindo huru (kifudifudi, mikono ikipokezana), zungusha mwili wote upande mmoja, sikio moja na jicho moja vibaki majini. Anayeinua kichwa mbele huzamisha miguu yake mwenyewe.

Lini uende kina kirefu? Msalaba Mwekundu wa Marekani una kipimo kizuri: uingie kwenye maji yanayokuzidi kimo na urudi juu, uelee au ukanyage maji (ubaki wima kichwa kikiwa juu kwa kupiga miguu) kwa dakika 1, ugeuke mzunguko mzima na kutafuta pa kutokea, uogelee yadi 25 (kama mita 23), kisha utoke bila ngazi. Kama kimoja kati ya hivyo bado kinakushinda, baki unapogusa chini.

Desturi za bwawa

Oga kabla ya kuingia, hata kama ulioga nyumbani. Harufu kali ya bwawa hutokana na klorini iliyokutana na jasho na mkojo, na ndiyo inayowasha macho. Dakika 1 chini ya bomba huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo. Aisilandi kuoga huko hufanywa uchi kwa sabuni, na wahudumu watakurudisha ukipita na nguo. Ufaransa mabwawa ya umma huwataka wanaume wavae chupi ya kuogelea inayobana, wala si kaptula, na kofia mara nyingi ni lazima, kama ilivyo Italia. Dada anayevaa vazi la kujistiri aulize kabla ya kulipa: Uingereza mengi hayana shida na mengine yana saa za wanawake peke yao, lakini Ufaransa mabwawa mengi yanalikataza, na mwaka 2022 mahakama kuu ya kiutawala ilizuia kanuni ya jiji la Grenoble iliyotaka kuliruhusu.

Leni, yaani njia za bwawa zilizotengwa kwa kamba, hugawanywa kwa mwendo, na waogeleaji huzunguka upande ulioandikwa kwenye kibao. Ukichoka, simama kwenye kona ya leni. Ukiguswa mguu, mwachie aliye nyuma apite mkifika ukutani.

Kuhusu nywele: zilowanishe kwa maji ya bomba na upake kondishona kabla, maana unywele uliokwisha kunywa maji safi hunyonya klorini kidogo. Kofia ya kawaida haitoshi kwenye rasta au dredi. Zipo kofia kubwa. Za kampuni ya Soul Cap zilikataliwa na shirikisho la kimataifa la kuogelea mwaka 2021, zikakubaliwa kwa mashindano mwaka 2022. Kofia hizo hazizuii maji yote, kwa hiyo suuza na upake mafuta ukitoka. Ngozi nayo itapauka usipoipaka.

Mwenye kuharisha asiingie bwawani, hata akijiona mzima, kwa kuwa kuna vimelea ambavyo klorini haiviui upesi.

Maji ya baridi

Hewa inaweza kuwa nyuzi 28 na ziwa likawa bado nyuzi 12, kwa sababu maji hupata joto polepole kuliko nchi kavu. Hata pale juu penye vuguvugu, mita chache chini panaweza kuwa na tabaka jingine la baridi kali.

Ngozi ikikutana ghafla na maji ya chini ya nyuzi 15, mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila kukuuliza, kisha huhema mfululizo huku moyo ukienda mbio. Kama mdomo uko chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Hivi ndivyo waogeleaji hodari wanavyozama mita chache kutoka ukingoni, muda mrefu kabla joto la mwili halijashuka. Mshtuko huo hupungua baada ya dakika 1 hadi 3, kwa hiyo ukianguka majini usijaribu kuogelea mara moja: lala chali, kichwa nyuma, masikio majini, elea mpaka pumzi itulie, ndipo upige mikono au uite msaada. Usikawie sana pia. Baada ya kama dakika 10 vidole na mikono huanza kukosa nguvu, na kupanda ngazi huwa kazi ngumu.

Anayetaka kuzoea baridi kwa hiari aingie taratibu akitembea, ajimwagie maji usoni na shingoni kwanza, abaki anapogusa chini, asiwe peke yake. Mara za kwanza dakika 2 zinatosha. Ukitoka, mwili huendelea kupoa kwa dakika kadhaa. Jifute, vaa nguo za juu kwanza, kofia ya sufu, kisha suruali na soksi, kunywa kitu cha moto. Usikimbilie bafu la maji moto, linaweza kukuangusha, na usiendeshe gari ukiwa unatetemeka. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla.

Barafu ya ziwani ni suala jingine. Barafu safi isiyo na ufa huhitaji angalau sentimita 10 kumbeba mtu mmoja, na iliyofunikwa theluji haionyeshi unene wake. Ukitumbukia, geukia ulikotoka, piga mateke mwili ulale, jivute kwa tumbo, kisha jiviringishe, usisimame upesi.

Baharini

Bendera nyekundu na njano kwa pamoja maana yake waokoaji wanalinda hapo. Ogelea katikati ya mbili hizo. Nyekundu tupu: usiingie. Mbili nyekundu: maji yamefungwa. Zambarau huonya kuna viumbe wa hatari majini, kama kiwavi wa baharini (jellyfish). Soksi ya upepo ya rangi ya chungwa inasema maboya ya kupuliza yasishuke majini, kwani upepo utayapeleka kilindini pamoja na mtoto aliyeyakalia.

Mkondo unaovuta kwenda baharini huwadanganya watu kwa utulivu wake: ni ule mwanya mweusi usio na mawimbi yanayovunjika, na povu lake linaelekea nje. Ukikunasa usipambane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka kwenye mawimbi yanayovunjika, uje nayo.

Watoto, na mtu akizama

Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, hata akiwa amevaa maboya ya mikononi, ambayo hupasuka na kuchomoka. Mvalishe rangi kali. Bluu na nyeupe hupotea chini ya maji. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji pembeni.

Usimrukie mtu mzima anayezama, atakuzamisha. Mpe fito au taulo ukiwa umelala chini, au mrushie boya. Piga 112 Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia. Akitolewa hapumui, anza kwa kumpulizia hewa: Ulaya hufundisha mara 5 za mwanzo, Marekani mara 2, kisha kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma mpaka msaada ufike.