Kufundisha nguvu na mamlaka kwa kutumia Maji Maji

Walimu wenzangu wa historia, ukianza na maana ya mamlaka ubaoni darasa linalala. Tumia vita ya Maji Maji, watu wa kusini mwa Tanganyika walipoinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani, na anza na pamba. Mi huwa naenda nayo ikiwa na mbegu, wanaichambua kwa vidole dakika tano afu nawaambia hii watu walilimishwa kwa kiboko. Kisha chora watu wawili, akida, yaani msimamizi wa eneo aliyewekwa na Wajerumani, mwenye askari, na Kinjeketile, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, asiye na cheo chochote serikalini ila watu wanatoka mbali kumfuata. Uliza nani anatiiwa na kwa nini, waache wabishane kabisa usiwakatize. Wakipoa waambie Kinjeketile alinyongwa Agosti 1905 lakini vita ikaendelea mpaka 1907, sasa uliza tena swali lilelile.