Kutoka Tudor hadi Sun Kosi: maandalizi ya mwanafunzi mpiga kayaki

Mwanafunzi wa Mombasa anayejiandaa kushuka mto wa mbali ana mtaji ambao wenzake wa bara hawana: maji mlangoni, vuguvugu mwaka mzima, na mikondo ya kupwa na kujaa bila malipo. Lakini bahari haimfundishi mawe wala baridi, na wengi huzidi kufanyia mazoezi kile wanachokijua tayari. Mpango ulio hapa unafuata pengo hilo.

Mfano wetu ni Sun Kosi, Nepal: takriban kilomita 270 kutoka Dolalghat hadi Chatara, siku 8 hadi 10, sehemu kubwa daraja la 3 na la 4 katika kipimo cha ugumu wa maporomoko, kinachoanzia 1 hadi 6. Kwa safari ya kwanza ng'ambo, chagua mto ulio daraja moja chini ya uwezo wako wa nyumbani, kwa sababu utakuwa umebeba mzigo na hospitali iko mbali. Usidanganywe na siku za mwanzo. Mito mingine huingia njiani, na karibu na mwisho, pale Tribeni, Arun na Tamur hujiunga pamoja. Maji huwa makubwa zaidi wakati mikono imeshachoka.

Mvua za monsuni hunyesha Juni hadi Septemba, basi lenga mwisho wa Oktoba au Novemba, mto ukiwa unapungua. Huo ni muhula wa masomo. Ongea na mkuu wa idara kabla ya kukata tiketi, si baada.

Miezi sita kabla: bahari

Anza na kujiinua ukiwa ndani ya kayaki iliyopinduka, kulia na kushoto. Kwenye maji tulivu ukikosa zaidi ya mara 1 katika 20, bado. Ukishaweza, funga madumu ya maji, jumla lita 12, nyuma ya kiti, uanze upya. Kayaki yenye mzigo hugeuka polepole, na anayeharakisha kuinua kichwa hurudi chini. Kichwa kitoke mwisho. Viwiko vibaki chini, karibu na mbavu: mkono ulionyooshwa juu ya kichwa ndio unaoteguka bega, na bega ndilo jeraha kubwa la mchezo huu.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya mkono wa bahari wa Tudor hukimbia vizuri. Jifunze kuvuka kwa mshazari: omo ielekee mkondo unakotoka, pembe ya nyuzi 30 hivi, piga kafi bila kupoteza mstari. Fanya hivyo maji yakijaa. Ukishindwa, yatakupeleka ndani kwenye mikoko. Yakipwa yatakutoa nje. Nguzo za daraja la Nyali zisikushawishi. Mkondo hubandika kayaki kwenye nguzo na kuikunja, kama mto unavyofanya kwenye mwamba. Kilindini na Likoni waachie wenye meli na feri.

Miezi mitatu kabla: mto

Hakuna njia ya mkato hapa. Lazima upande bara. Mto Tana kule Sagana una maporomoko ya kutosha na watu wanaoyajua. Panga wikendi nne au zaidi, chini ya mwalimu. Galana inaonekana karibu kwa ramani, lakini ina mamba na viboko, na maporomoko ya Lugard si mahali pa mwanafunzi.

Sagana ujifunze mambo matatu. La kwanza, kuingia na kutoka kwenye maji yanayotulia nyuma ya jiwe, maana huko ndiko utakakopumzikia na kuangalia mbele. La pili, kutambua shimo, pale maji yanapomwagika juu ya mwamba kisha kujirudia kinyumenyume. Ukitazama kutoka juu ya mto na ncha za povu zikakunja kuelekea chini, pembeni pana njia ya kutokea. Zikikunja kuelekea kwako, limefungwa, lipite kwa miguu. La tatu, mti ulioanguka majini. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Usiukaribie hata kama mkondo unaonekana mpole.

Kikundi kizima kikubaliane ishara. Kafi wima: njooni. Kafi mlalo juu ya kichwa: simameni. Filimbi mara moja: nitazame, mara tatu: hatari. Siku zote onyesha upande salama, usielekeze kidole kwenye hatari, kwa sababu aliye mbali atafuata kidole chako.

Baridi

Hili ndilo somo gumu kwa mtu wa Pwani. Maji yenye asili ya theluji ya Himalaya hayafanani hata kidogo na ya Nyali. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, dakika ya kwanza mtu hutweta bila kutaka, na akiwa chini ya maji hapo ndipo anapoyavuta. Baada ya dakika 10 hivi vidole havitii. Nunua barafu ya wavuvi, jaza beseni, tia mikono dakika tatu, kisha ufunge fundo na ufungue karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa springi. Utajua mara moja ni vifaa gani vina vifungo vidogo mno. Usijitumbukize mzima ukiwa peke yako.

Vifaa na chumvi

Kila mtu avae kofia ngumu, jaketi la kuokolea, filimbi na kisu, na abebe mfuko wa kamba inayoelea, mita 15 hadi 20. Watu wanne wagawane: kapi 2, karabina 4, vitanzi 2 vya kamba nyembamba, ukanda wa mita 4 wa kuzungushia mwamba, na kafi moja la akiba, la vipande vinavyoungwa. Kwa vitu hivyo mnafunga mtambo wa 3 kwa 1 wa kuvuta kayaki iliyonasa, yaani unaozidisha nguvu yenu mara tatu. Msuguano hula sehemu ya nguvu hiyo, kwa hiyo kapi si mapambo. Fungeni mtambo huo nchi kavu, macho yamefungwa, hadi muuzoee.

Mazoezi ya baharini huharibu vifaa kimyakimya. Suuza karabina na zipu kwa maji ya bomba siku hiyohiyo. Anika kamba kivulini, jua huiozesha. Kama jaketi lako la kuzuia maji lina mpira laini shingoni na mikononi, usilivae umejipaka mafuta ya nazi. Mpira huo hulainika kisha hupasuka, na utaligundua hilo mtoni.

Kayaki nyingi ni za poliethilini, plastiki ambayo gundi haiishiki vizuri. Ikipasuka, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kausha, pasha joto kidogo, kisha bandika utepe wa lami wa kuzibia mabati. Usibebe kayaki kwa ndege kabla ya kuulizia bei ya kukodi Kathmandu au Pokhara; mara nyingi kukodi ni nafuu. Kofia, jaketi na sketi ya kayaki (kitambaa cha kiunoni kinachoziba mdomo wa kayaki) uende navyo, kwa kuwa vya kukodi hukaa vibaya mwilini.

Chakula na maji

Hesabu gramu 650 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku. Mchele na dengu vimejaa Nepal. Kutoka Mombasa beba tende na viungo tu. Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni. Maji ya mto huwa na vumbi la mawe linaloziba chujio, na klorini hushindwa kwenye maji machafu. Yatulize usiku kucha kwa shabu kidogo, mimina ya juu, ndipo utie dawa au uchemshe.

Karatasi na mtu wa nyumbani

Pasipoti ibakize miezi sita. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya sindano. Pamoja nayo uliza za pepopunda, homa ya matumbo na kichaa cha mbwa. Soma bima mstari kwa mstari: inataja daraja la maporomoko? Inalipia helikopta? Na kama unapitia India, jua kwamba simu na vifaa vya setilaiti vinahitaji kibali huko, watu wamekamatwa.

Acha Mombasa mtu mmoja mwenye ratiba ya kila kambi. Nepal iko mbele yetu kwa saa 2 na dakika 45, hivyo ujumbe wa saa kumi na mbili jioni kule utamfikia saa tisa na robo alasiri. Mwandikie ni saa ngapi asubiri kabla ya kuhesabu kuna tatizo, ampigie nani kwanza, na namba ya bima. Nakala ya pili apewe mzazi.