Ukichomwa sindano au kurukiwa na damu ndani ya gari la wagonjwa: fuata hatua hizi

Mimi ni muuguzi wa dharura hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya zamu zangu naimalizia nyuma ya gari la wagonjwa. Mwongozo huu nawaandikia wenzangu wa magari: wauguzi, matabibu, wahudumu, na kwa namna ya pekee madereva. Aliyeko wodini ana sinki, bango ukutani na daktari wa zamu chumba cha pili. Sisi tunachomwa saa nane usiku kati ya Kibaigwa na mjini, gari likiyumba, mgonjwa akivuja damu. Hatua ni zilezile za hospitali, ila sisi lazima tujue kuzifanya tukiwa njiani.

Usiku mmoja tulichukua majeruhi wa lori lililopinduka. Garini kulikuwa na jozi tatu za glavu, tukazivaa sisi wahudumu. Dereva wetu akashika machela upande wa kichwani kwa mikono mitupu. Nguo za yule kijana zilikuwa zimejaa vipande vya kioo. Kaka yetu akachanika kiganja, akakifunga kwa leso, akashika usukani, hakusema kitu. Niligundua siku ya nne tukinywa chai, nilipomwona anashika kikombe kwa vidole viwili. Saa 72 zilikuwa zimeshapita, dawa ya kinga ya VVU haikuwezekana tena. Vipimo vyake vyote vilitoka salama, mpaka cha mwisho. Lakini miezi ile yote alilala chumba cha peke yake nyumbani kwake, na mkewe hakuelezwa sababu. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Hatua ya 1: Sema, na useme palepale

"Nimechomwa." Au "Damu imeniingia jichoni." Sema kwa sauti ili mwenzako na dereva wasikie. Mwenzako anapokea mgonjwa, dereva anatafuta sehemu salama ya kusimama kama uko peke yako nyuma. Ukiwa umemkandamiza mgonjwa mahali panapovuja damu, usiachie mpaka mkono wa mwenzako uwe umeshika. Sindano iende moja kwa moja kwenye boksi la usalama, na usijaribu kuirudishia kifuniko. Wengi niliowahudumia walichomwa wakati wa kurudishia kifuniko, au na kanula, sindano ya kuwekea dripu, iliyochomekwa kwenye godoro la machela "kwa muda tu".

Kusema ndiko kugumu kuliko yote. Watu wanaogopa kuonekana wazembe, wengine wanaogopa kipimo chenyewe. Ukiwa kiongozi wa zamu, swali lako la kwanza kwa aliyechomwa lisiwe "ilikuwaje?" Liwe "umeshaosha?"

Hatua ya 2: Osha

Vua glavu, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni. Basi. Usikikamue, usikinyonye, usikimwagie Jik wala spiriti. Najua wengi tulifundishwa na wakubwa wetu kukamua mpaka damu itoke. Hakuna ushahidi kwamba inasaidia, na kukamua kunaumiza nyama ya pale ulipochomwa. Jik inaunguza ngozi, na ngozi iliyoungua ni mlango mwingine.

Jicho linahitaji subira. Kaa, inamisha kichwa upande wa jicho lililorukiwa ili maji yasitiririkie jicho lile jingine, shikilia kope zikiwa wazi, mwenzako amimine maji safi au dripu ya normal saline taratibu kwa dakika 15. Shika saa, kwa sababu ukikisia utaacha kwenye dakika ya tatu. Ikiwa damu imeingia mdomoni, tema, sukutua, tema tena, mara nyingi.

Hapa ndipo dumu linapohitajika. Kila gari liwe na dumu la lita 5 lenye koki, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye mpini wake. Dumu hilo si la kunywa, wala si la kusafishia vumbi kioo mkitoka vijijini Chemba. Kiangazi, maji yanapokuwa ya shida, ndilo la kwanza kukutwa tupu.

Hatua ya 3: Jua umekutana na nini

Damu, majimaji yenye damu, shahawa, ute wa ukeni, maji ya uzazi, na majimaji ya uti wa mgongo, ya mapafu au ya tumboni: hayo yanahesabika yakipita kwenye kidonda, jicho, pua au mdomo. Jasho, machozi, mkojo, mate na matapishi yasiyo na damu hayaambukizi VVU. Damu ikigusa ngozi nzima isiyo na mchubuko, osha, endelea na kazi. Lakini mikono yetu wa huku kiangazi hupasuka kwa ukavu, kwa hiyo itazame vizuri kabla ya kusema ni mizima.

Sasa namba. Kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU kunaambukiza takriban mara 3 katika kila 1,000. Damu hiyo ikiingia jichoni au mdomoni, ni chini ya mara 1 katika 1,000. Hatari hupanda pale sindano ilipokuwa na uwazi ndani, imetoka kwenye mshipa, imezama sana, au mgonjwa ana virusi vingi mwilini. Homa ya ini C iko kati ya 2 katika 1,000 na 2 katika 100. Homa ya ini B, kwa ambaye hajachanjwa, ni kati ya 6 na 30 katika kila 100. Soma tena namba hiyo ya mwisho. Wenzetu wanakosa usingizi kwa ajili ya VVU, na chanjo ya ini hawajawahi kuiulizia.

Hatua ya 4: Piga simu kabla hujafika

Dawa ya kinga ya VVU, ambayo sote tunaiita PEP, inatakiwa ianze haraka, ikiwezekana ndani ya saa 2, na isizidi saa 72. Anayetoka Kondoa au Mpwapwa ana zaidi ya kilomita 100 mpaka mjini, kwa hiyo saa hizo 2 zinaweza kuishia barabarani. Mpigie daktari wa zamu wa unakokwenda, mwambie umechomwa, na uliza kama kuna kituo njiani chenye huduma ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU) au dozi ya kuanzia. Bora kabla ya siku hiyo kufika muwe mmeshaandika, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa gari, ni vituo gani kwenye kila barabara mnayopita vinatunza dawa hiyo usiku.

Dozi ya kwanza haisubiri majibu ya mtu yeyote. Majibu yakija ya kuizuia, itasimamishwa.

Na tafadhali usiombe "vidonge viwili vitatu" kwa ndugu au rafiki anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Unampunguzia mwenzako dozi yake, na wewe unaanza matibabu bila kipimo wala mtu wa kukufuatilia.

Hatua ya 5: Vipimo, vyako na vya mgonjwa

Wewe utapimwa VVU, homa ya ini B na C, na damu ya kuangalia figo na ini. Kipimo cha siku hiyo kinaonyesha ulivyokuwa kabla ya tukio. Ndicho kitakachokulinda baadaye ukihitaji kudai fidia. Kama umekutwa tayari una VVU, PEP si yako, unaunganishwa na CTC uanze matibabu, na siri yako inabaki yako.

Mgonjwa anaombwa ridhaa kwa upole, na mtu mwingine, asiwe wewe uliyechomwa. "Mama, mwenzetu amechomwa na sindano tuliyokutundikia dripu. Tunaomba kukupima ili tumsaidie." Wengi hukubali. Akikataa, akiwa hajitambui, au amefariki, uamuzi wa PEP unafanywa kwa uzito wa tukio lenyewe. Usipekue mkoba wake kutafuta kadi ya CTC. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri yake kama inavyolinda yako.

Hatua ya 6: Siku 28, bila kuruka hata moja

Kwa mtu mzima, dawa inayotumika sasa nchini ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Kichefuchefu na kichwa kuuma wiki ya kwanza ni kawaida. Meza baada ya chakula, saa ileile kila siku. Kwa wa zamu za usiku, weka kengele ya simu. Ukitumia dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, au vidonge vya madini ya chuma au kalisi, mwambie anayekupa PEP, maana zinazuia dolutegravir isifyonzwe vizuri. Mjamzito na anayenyonyesha wanaruhusiwa kutumia, ila waseme mapema.

Jambo linalosahaulika: tenofovir na lamivudine zinapunguza nguvu ya virusi vya homa ya ini B pia. Kama kipimo kimekuonyesha una homa hiyo, usiache dawa siku ya 28 peke yako. Ini linaweza kuchachamaa ghafla. Mwone daktari kabla ya kidonge cha mwisho.

Tumia kondomu, na usichangie damu mpaka kipimo cha mwisho. Mwenzi wako aelezwe. Kama unaona ugumu, njooni wote wawili kwa mshauri nasaha wa CTC. Kuhamia chumba kingine bila maelezo kunaumiza nyumba.

Kuhusu ini B: kama hujachanjwa, dozi ya kwanza upewe siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 24, kisha baada ya mwezi 1 na miezi 6. Ini C haina dawa ya kinga, unafuatiliwa tu, na siku hizi ikipatikana inatibika ikaisha.

Hatua ya 7: Andika, na umwandike dereva

Andika kabla ya zamu kuisha: tarehe na saa, mahali, kifaa gani, kina cha kidonda, ulikuwa umevaa nini, uliosha saa ngapi, nani alishuhudia, dozi ya kwanza saa ngapi. Nakala moja ibaki kwako. Mwajiri anatakiwa kulipeleka tukio Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na karatasi ya siku ileile ina uzito kuliko kumbukumbu ya miezi sita.

Dereva huachwa kwa sababu kitabu cha matukio kinakaa wodini na yeye anakaa kwenye gari. Madereva wa jamii wanaobeba wajawazito wakiitwa kupitia namba 115 wako wazi zaidi, maana mama anaweza kujifungulia kiti cha nyuma. Ukimpokea mama kwa dereva wa namna hiyo, mtazame mikono na nguo, muulize. Akiwa amelowa damu na ana mchubuko, hatua ya 2 mpaka ya 6 ni zake pia.

Magonjwa ya hewa, kwa kifupi

Ukimbeba mwenye kifua kikuu, fungua madirisha, mvalishe mgonjwa barakoa ya kawaida, wewe vaa barakoa ya N95, inayochuja hewa. Ulimbeba bila kujua? Andika tarehe, na ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukitoka jasho usiku au ukipungua uzito, peleka makohozi. Kwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria, uliyevuta makohozi ya mgonjwa au kumpulizia hewa bila barakoa, muulize daktari mapema kuhusu antibiotiki ya kinga. Na mwaka 2025, Januari 20, tangazo la mlipuko wa Marburg, homa kali ya virusi, huko Biharamulo mkoani Kagera lilitolewa hapahapa Dodoma. Ukihisi umegusa mgonjwa wa aina hiyo, jitenge, toa taarifa, pima joto la mwili kila siku kwa siku 21.

Kabla ya kukabidhi gari

Damu ya sakafuni ifute kwanza kwa kitambaa cha kutupa, kisha mwagia Jik ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo 1 kwa 6 vya maji, iache dakika 10. Tarehe za vipimo vya marudio, wiki ya 6, mwezi wa 3 na mwezi wa 6, ziingie kwenye simu yako na ya mwenzako mmoja unayemwamini. Badilisha boksi la usalama likifika robo tatu. Jaza dumu. Hesabu glavu: jozi mbili kwa kila anayepanda gari hilo, dereva akiwa wa kwanza kuhesabiwa, na zake ziwekwe mbele, kwenye mfuko wa mlango wake.