Somo: Kufunga mashine nzito kwenye lobedi (trela yenye sakafu ya chini) kabla ya kuukabili mteremko wa Kikafu, njia ya Arusha kwenda Moshi

Kuna kauli inazunguka sana kwenye yadi za hapa Arusha: "Hii ni tani ishirini, itaenda wapi?" Itaenda mbele, siku dereva atakapokanyaga breki ya kushtukiza. Somo hili nawaandikia hasa mautingo, maana ndio wanaoachiwa minyororo wakati dereva na opareta wameshakaa kwa mama ntilie.

Hesabu kwanza. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinachukulia kwamba kwenye breki kali mzigo husukumwa mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa hiyo eskaveta ya tani 20 inasukuma mbele kama tani 16. Cheni zake za chuma (zile inazotembelea, si minyororo ya kufungia) juu ya sakafu ya chuma, hata pakiwa pakavu, usizihesabie zaidi ya tani 4. Pakiwa na tope na grisi, hata hizo sahau. Tani 12 zinazobaki zinasubiri minyororo yako. Na mashine ikiwa nzito zaidi, msukumo nao unaongezeka, kwa hiyo huo uzito mnaojivunia ndio tatizo lenyewe.

1. Safisha. Kwangua tope kwenye cheni za mashine na kwenye sakafu ya trela. Tandika mbao ngumu au vipande vya mpira mahali cheni zitakapokanyaga. Mshiko unaongezeka sana.

2. Pandisha. Ardhi iwe tambarare, kichwa (lori linalovuta) kimeungwa na trela, breki zimefungwa, tairi zimewekewa kabari. Mtu mmoja tu atoe ishara, asimame anapoonekana na opareta, wala asikae nyuma au ubavuni mwa rampu. Mashine ikipanda upande, ishuke ianze upya. Usiikatishe kona juu ya rampu.

3. Ilaze. Ikikaa nyuma mno, kichwa kinakuwa chepesi na usukani unakosa utii. Ikikaa mbele mno, unazidisha ekseli za kichwa na mizani watakusimamisha: Afrika Mashariki kikomo cha gari zima ni tani 56, lakini kila ekseli ina kikomo chake pia. Shusha mkono, baketi ilalie ubao. Zima injini, chezesha leva za haidroli ili presha itoke, funga hendibreki, weka pini ya kuzuia sehemu ya juu ya mashine isizunguke. Greda na sholeva (mashine ya kuchota na kupakia) zinazojikunja katikati zina kufuli la kiungo. Watu wengi hawajui hata liko wapi. Ziba na bomba la moshi, kwa sababu upepo wa njiani huzungusha turbo wakati hakuna oili inayoilainisha.

4. Funga. Hapa tusiharakishe. Kona nne, kila kona na mnyororo wake na bainda yake (kifaa cha kukaza mnyororo). Mnyororo mmoja uliopitishwa juu ya mashine kutoka upande huu hadi ule hauhesabiki kuwa miwili. Miwili ya nyuma ivute kuelekea nyuma, miwili ya mbele ivute kuelekea mbele, isisimame wima. Nyuzi 45 au chini ya hapo kutoka sakafuni inafaa. Breki ikikanyagwa, ile inayovuta nyuma ndiyo inayofanya kazi, ile ya mbele inalegea tu. Ndiyo maana mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 8, unaobeba tani 6.3, hautoshi kwa eskaveta hii: miwili inafika tani 12.6 ikivuta moja kwa moja, lakini kwa mshazari inapungua. Tumia wa milimita 13, wenye tani 10, na uweke kizuizi mbele ya cheni.

Kulabu zikae kwenye vitanzi vilivyowekwa na kiwanda au kwenye chasisi. Usifunge kwenye ngazi, bomba za haidroli wala silinda. Mkono na baketi vipate mnyororo wa tano. Mnyororo usiufunge fundo, na uliochomelewa au kuungwa kwa bolti ubaki yadi. Bainda ya leva usiivute kwa bomba refu. Ikifyatuka inavunja taya. Ya racheti ni salama zaidi, hata kama bei yake inauma.

5. Kagua tena. Baada ya kilomita chache mashine inajikalisha na minyororo inalegea. Simama Usa River, ongeza mvuto. Simama tena Boma Ng'ombe, kabla ya mteremko wa Kikafu, kisha shuka kwa gia ndogo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, JCB ya tairi je? Tairi zenyewe si zinashika?
Zinashika, lakini zinadunda kwenye matuta, na kila ikidunda mnyororo unalegea. Funga kwenye ekseli au chasisi, kabari mbele na nyuma ya tairi, kisha kagua mara nyingi kuliko mashine ya cheni.

Swali: Naweza kutumia mikanda? Minyororo ni ghali, kaka.
Kwa rola ndogo ya tani moja au mbili, sawa, ukikinga kona kali zisiikate. Kwa eskaveta, hapana.

Swali: Opareta wetu huwa anakaa kwenye kiti chake huko juu mpaka Moshi, anasema anailinda mashine.
Mshushe, dada. Nyaya zinazoning'inia hazimjui, na trela ikilala yeye ndiye wa kwanza chini. Akae kwenye kabini ya lori, afunge mkanda.

Swali: Blade ya buldoza inazidi upana wa trela kwa pande zote mbili. Vitambaa vyekundu vinatosha?
Havitoshi. Huo ni mzigo usio wa kawaida, unahitaji kibali kabla ya kuingia barabarani. Anzia ofisi ya TANROADS ya mkoa. Mara nyingi blade inafunguliwa na kubebwa peke yake. Ukiifungua, nayo ifungwe kwa minyororo yake, isiegemezwe tu kwenye cheni.